Uzoefu wangu: siku 3 za kujifunza kuinuka na mtumbwi uliopinduka, Kigoma

Mimi nimekulia Ujiji, kasia nimelishika kabla sijajua baiskeli, na kwetu mtumbwi ukipinduka unatoka, unang'ang'ania mgongo wake unasubiri wenzako. Sasa niliposikia kuna watu wanafundisha kupinduka na mtumbwi alafu unarudi nao juu bila kutoka ndani, nikasema hii lazima niione. Siku 3, ufukwe mmoja upande wa Katonga, nikalipa 90,000.

Mtumbwi wenyewe ni wa plastiki, mfupi, wa kuteremkia mito ya maji makali, unapiga magoti ndani, mapaja unayafunga mikanda, mbele na nyuma kuna mifuko mikubwa ya hewa. Kasia lina bapa upande mmoja tu na juu kishikio cha T.

Siku ya kwanza sikuinuka hata mara moja. Nilikua nakandamiza kasia kwa nguvu zote, bapa linazama, naibuka nusu, navuta pumzi kidogo, narudi chini. Shida ilikua kichwa. Ukiwa chini ya maji akili yote iko kwenye pumzi kwahiyo kichwa ndo kinakimbilia kutoka, na kichwa ni kizito, kikitoka kabla ya mtumbwi kinaurudisha chini. Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, "Dada, goti kwanza! Kichwa mwisho!"

Siku ya pili ndo ikaniingia. Ukishapinduka unajikunja mbele, paji la uso karibu na ukingo wa mtumbwi (mtoni hapo unakinga uso na mawe), kasia unalitoa pembeni kabisa na bapa linalala juu ya maji. Maji ya Tanganyika ni maangavu, nikiwa chini nililiona bapa limekaa juu yangu kama jani, mapovu yanalipita pembeni. Unauacha mwili uelee kulifuata, unageuza kifua kitazame chini, vifundo vya vidole navyo chini, unaegemea mgongo wa bapa, na sekunde hiyohiyo goti la upande wa kasia unalivuta juu kwa ghafla, la pili unalikandamiza. Mtumbwi unageuka wewe bado umelala majini. Alafu kichwa unakiburuza juu ya maji kuelekea mbele mpaka kipite juu ya ukingo. Kasia halikubebi jamani, linakupa pa kuegemea kidogo tu, kazi yote ni goti na kiuno. Mara ya kwanza ilipokubali shavu langu lilikua bado linagusa maji na mtumbwi ushakaa sawa, nikalia kwa furaha, kweli kabisa.

Mzee mmoja mvuvi alikua anapita akasimama kutuangalia, akauliza, "Mwanangu, na hayo maji yaliyoingia utayatoaje?" Swali la mtu anayejua kazi. Nikamwambia, shikamoo baba, hiyo mifuko ya hewa inachukua nafasi ili maji yasijae, lakini yanayobaki ni mengi, mtumbwi unakua mzito na unayumba, inabidi upige kasia taratibu hadi ufukweni uyamwage.

Ambacho sikukipenda: tuliambiwa saa moja asubuhi, ziwa likiwa limetulia, tukaanza saa tatu na upepo ushaamka, kwa anayejifunza mawimbi yanaharibu kila kitu. Kasia nililopewa lilikua refu mno kwangu na hakukua na jingine. Helmeti pia ilikua inanishukia machoni, na hiyo ni ya kukinga kichwa na mawe, sio ya kubahatisha. Malagarasi hawakutupeleka, hilo siwalaumu, mto una mamba na mimi sikua tayari.

Kocha nampa 5 kati ya 5, vifaa 2. Ukienda vaa suruali, magoti yanachubuka. Mimi narudi mwezi ujao nifanye upande wa kushoto, maana kulia peke yake haitoshi.