Gemma M0 kwenye kizibao cha bodaboda: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, umeme nimejifunzia ukubwani. Gemma M0 ya Adafruit, bodi ndogo ya kompyuta inayoshonewa kwenye nguo, niliinunua kwa sababu mdogo wangu anaendesha bodaboda usiku, nikataka kizibao chake cha rifleta kiwe na indiketa mgongoni.

Bodi yenyewe ni duara la milimita 28, ukubwa wa kifungo cha koti zito. Pembeni ina matundu mapana ya kupitisha sindano, ila matatu tu ndiyo ya ishara; mengine ni ya umeme. Matatu ni machache, lakini kwangu yalitosha kama niliyepimiwa: la kupokea amri ya kushoto, la kupokea ya kulia, na la kupeleka amri kwenye taa nane za NeoPixel, ambazo hupokezana amri moja hadi nyingine.

Programu haikunitesa. Ukiichomeka kwenye kompyuta inatokea kama flashi, unafungua faili, unaandika kwa CircuitPython, lugha yake ya programu, na ukihifadhi tu inafuata ulichoandika. Jioni ya kwanza niliipoteza kwa waya wa simu unaochaji bila kupitisha data. Kagua waya kabla hujaitukana bodi.

Kazi iko kwenye uzi. Uzi wa chuma, unaopitisha umeme badala ya waya, ni mkaidi: fundo linafunguka, ncha inachambuka, na kanyuzi kamoja kakigusa mstari wa jirani umeshapiga shoti. Haushiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo kila kiungo ni cha kushona. Napitisha sindano mara nne kwenye tundu, nakaza, nadondoshea rangi ya kucha ile ya maji juu ya fundo. Halafu uzi wenyewe unakula umeme. Taa ya nane ilikuwa hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikafumua mistari yote ya umeme, nikaficha waya mwembamba wenye ganda ndani ya bitana, uzi ukabaki wa ishara tu.

Matundu ya ishara hutambua hata mguso wa kidole, nami nikajifanya mjanja: nikashona viraka viwili vya kitambaa kinachopitisha umeme kifuani, uzi ukipanda begani kutoka mgongoni. Siku ya kwanza barabarani simu ikaita.

"Dada, hiki kizibao kinakata kona chenyewe!"

Indiketa ya kulia ilikuwa haizimi. Kumbe programu hupima hali ya kawaida pale bodi inapowashwa, na mimi niliiwasha kizibao kikiwa mezani. Alipokivaa, uzi wote wa begani ukauona mwili wake kama kidole kimoja kikubwa. Tukawa tunawasha akiwa ameshavaa. Ikatulia mpaka jasho lilipolowesha bega. Nikang'oa viraka, nikaweka vitufe vya kubonyeza. Tangu hapo hakuna kesi.

Betri ni AAA tatu, maana bodi haichaji betri za lithiamu. Swichi yake ni ndogo mno, ukiwa na glavu huipati. Kufua, natoa betri, nafua kwa mkono, naanika mpaka kikauke kabisa ndipo nairudisha.

Kwa bodi ya dola 10 hivi sina malalamiko, na nimeagiza ya pili. Kijiweni kwake wameshaanza kuulizia bei. Vifaa najua nilivyonunua. Yale mafundo ndiyo sijui niwatoze ngapi.