Fulana ya kupima moyo, mkanda au kibao: kipi kitangulie

Baadhi ya fulana za kupima moyo zimechapishwa ndani wino wenye chembe za madini ya fedha, pale kitambaa kinapogusa mbavu. Wino huo huchukua umeme mdogo wa moyo kutoka kwenye ngozi na kuupeleka kwenye kijisanduku chenye betri. Ukiufikicha na kuukamua kama shati la shule, unapasuka.

Baba tulimnunulia moja. Ikafuliwa kwa mkono pamoja na nguo nyingine. Nilipoigeuza nje ndani niliona nyufa nyembamba chini ya kwapa la kushoto, kama udongo uliokauka, na mchoro wa mapigo ya moyo uliokuwa ukisomeka vizuri ukawa mikwaruzo mitupu. Iliniuma, maana zile pesa tulichangishana ndugu wote. Kwa hiyo fulana siiweki ya kwanza.

1. KardiaMobile. Kama mzee wako analalamika moyo unamwenda mbio kisha unatulia kabla hamjafika hospitali, anzeni hapa. Ni kibao kidogo: anaweka vidole vya mikono miwili, anatulia sekunde 30, mchoro unatokea kwenye simu na daktari anatumiwa. Toleo la 6L hugusishwa pia mguu wa kushoto, likauonyesha moyo kwa pande sita. Kinakamata mapigo yasiyo na mpangilio, lakini shambulio la moyo hakilitambui. Kifua kikibana na maumivu yakipanda tayani au kushuka mkononi, mkimbizeni hospitali, kipimo kiacheni.

2. Mkanda wa Polar H10. Huu unavaliwa kifuani, ni wa mkimbiaji na mwendesha baiskeli. Lowesha sehemu za kugusa ngozi kabla ya kuvaa, la sivyo utasoma ovyo mpaka jasho litoke. Betri yake ni ile ya kidonge, CR2025. Kifaa kinachomolewa, mkanda unafuliwa.

3. Fulana. Mfano ni Hexoskin ya Montreal, Kanada, inayorekodi moyo na pumzi kwa saa nyingi, hata usingizini. Inunue daktari akihitaji rekodi ndefu. Muulize muuzaji inavumilia kufuliwa mara ngapi, na kama fulana inauzwa bila kijisanduku. Kisha chukua futi ya fundi cherehani umpime mvaaji kifuani: ikipwaya, haisomi. Isikamuliwe, isipigwe pasi, ianikwe kivulini.

4. Saa. Apple Watch imechora umeme wa moyo tangu Series 4 ya mwaka 2018, ila toleo la SE, lile la bei nafuu, halina uwezo huo. Ni ghali, na inataka chaji karibu kila siku.

Kati ya hivi vinne hakuna kinachokupa namba za presha. Kama nyumbani hamna mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, pesa ya kwanza iende huko.