Frank kwenye banda la Igoma: watu walicheka wapi, wakanyamaza wapi

Kama umesikia kwamba watu walitoka katikati ya onyesho la filamu ya Frank pale Igoma, ni kweli, walitoka. Mimi nilikaa mpaka taa zikawashwa, na bado nasema hilo ndilo onyesho bora kuliko yote niliyowahi kuona kwenye banda la video hapa Mwanza. Naandika kwa sababu maneno yanayozunguka mtaani ni mawili tu, "muvi ya machizi" na "muvi ya kuchekesha", na yote mawili yanawaharibia watu ambao hawajaiona.

Tuanze na filamu yenyewe. Ilitoka 2014, mwongozaji ni Lenny Abrahamson wa Ireland, urefu wake dakika 95. Kijana anaitwa Jon, anapiga kinanda, anatamani kutunga nyimbo na nyimbo hazimjii. Anaokotwa na bendi ambayo jina lake, Soronprfbs, hata wanabendi wenyewe linawashinda kulitamka. Kiongozi wao Frank anavaa kichwa kikubwa cha bandia, cha karatasi na gundi, kimechorwa macho ya duara. Hakivui. Analala nacho, anaoga nacho, chakula anakivuta kwa mrija. Bendi inajifungia kwenye nyumba porini Ireland kwa muda mrefu ili irekodi albamu, akiba ya Jon inaishia humo, na kila siku mtu mmoja anakaribia kumpiga mwenzake.

Ndani ya kile kichwa yumo Michael Fassbender, yule Magneto wa X-Men. Ubao wa nje ya banda uliandikwa kwa chaki kwamba Magneto yumo kwenye komedi, na vijana wakajaa. Sasa uso wa Fassbender unauona mwishoni kabisa. Dakika zinakwenda, jamaa wanasubiri avue, havui. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kutoka, na siwalaumu. Waliahidiwa kitu kingine.

Nafasi yangu ilikuwa kwenye benchi la tatu, pembeni ya mama mmoja anayekaanga samaki hapo nje na wazee wawili wa mtaa huo. Spika zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, na hilo ni muhimu kwa filamu hii kwa sababu muziki wake umepigwa na waigizaji wenyewe. Yule mwanamke wa ngoma, Carla Azar, ni mpiga ngoma kweli katika maisha yake, na unasikia. Picha ilikuwa na giza kidogo upande wa kushoto. Joto, kama kawaida ya mabanda.

Mtafsiri alikuwa anatafsiri papo hapo kwa maiki, mtindo ule ule tuliokulia nao tangu enzi za Lufufu, mtafsiri maarufu wa muvi. Anajua kazi. Jina la bendi lilipomshinda, akawaita "Wale Jamaa" mpaka mwisho, na lilikaa sawasawa. Alipong'ara zaidi ni pale Jon anapolalamika kwamba hajui Frank ana hisia gani maana uso hauonekani, na Frank anajitolea kumtajia sura yake kwa mdomo: tabasamu la kukaribisha, sasa tabasamu la aibu. Mtafsiri alilibeba hilo kwa sauti ya upole, bila kuongeza chumvi, na banda zima likacheka kicheko kizuri, cha kumpenda mtu. Tangu hapo Frank akawa wa kwetu. Bodaboda mmoja nyuma yangu alianza kuutaja uso wake kwa wenzake kila alipoguswa na jambo.

Kuna mpiga gitaa wa Kifaransa, Baraque, ambaye Kiingereza hakitaki. Mtafsiri Kifaransa hana, kwa hiyo hapo alikuwa anaruka. Lakini kwenye benchi la mbele alikuwepo jamaa wa Kikongo, akawa anacheka peke yake, halafu watu wanamuuliza kasema nini, anawapa. Sijawahi kuona banda likitafsiriwa na watu wawili. Iliongeza raha.

Na kuna Clara, ameigizwa na Maggie Gyllenhaal, mkali kama pilipili. Chombo chake ndicho kilichozua ubishi mrefu, kwa sababu anakipiga bila kukigusa. Mikono hewani, sauti inalia. Nikasikia nyuma, "Hiyo sasa ni ya kwao kabisa." Niliwaeleza waliokuwa jirani, maana mimi ni mpiga kinanda na vitu hivi navipenda: kinaitwa theremini, kimetokana na Mrusi Leon Theremin, umri wake ni kama miaka mia. Kina antena mbili. Mkono mmoja ukikaribia antena yake sauti inapanda juu, mwingine unaongeza au kupunguza ukubwa wa sauti, kwa kuwa mwili wa mtu unabadilisha umeme ulio kuzunguka ile antena. Mzee wa pembeni yangu alisikiliza, akaniambia, "Sawa mwanangu, lakini huyo mama hata bila umeme angeweza."

Sasa nije kwenye maji.

Karibu na mwanzo kabisa, mpiga kinanda wa zamani wa hiyo bendi anajaribu kujizamisha baharini. Polisi wanamvuta, wenzake wamesimama ufukweni wanaangalia, na meneja wao, Don, anamgeukia Jon aliyekuwa anapita na kumuuliza kama anaweza kupiga C, F na G. Anaweza. Basi kazi kapata. Kule ilikotengenezwa nadhani ukumbi mzima huangua kicheko hapo, kwa sababu imepangwa hivyo: mtu nusura afe maji, na nafasi yake inajazwa kabla hajakauka. Mtafsiri naye akaipokea kwa mzaha, akasema jamaa amekwenda kuonja chumvi.

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa samaki akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Baba, maji hayachekwi." Mtafsiri akanyamaza, akasema, "Samahani mama," akaendelea.

Asiye wa huku aelewe. Igoma ndipo yalipo makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, meli ikitoka Bukoba kuja Mwanza, imebakiza safari fupi ifike. Walikufa mamia kwa mamia. Kisha Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 200. Watu wa rika la yule mama walibeba maiti wanaowajua. Kwa hiyo mzaha ule wa filamu uligonga mwamba, na nadhani ukumbi ulikuwa sahihi kuliko filamu. Ila kimya kile kilifanya kazi ambayo mtengeneza filamu hakuipanga. Tangu dakika hiyo tukajua kwamba hawa watu wa bendi ni wagonjwa kweli, na wanaoumwa hivyo huwa wanakufa. Tulikuwa macho mapema.

Wazee wawili walikuwa na maoni yao kuhusu kichwa. Kutoka Igoma ukishika barabara ya Musoma unafika Kisesa, na hapo ndipo Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma na ngoma za Bulabo kila mwezi Juni. Aliyekwenda kule anajua makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu yanavyoshindania watu. Ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta umati mkubwa, iwe kwa nyoka shingoni, iwe kwa kinyago, iwe kwa dawa. Kwa wazee hawa Frank hakuwa wa ajabu hata kidogo. "Huyu ni manju," mmoja alisema, yaani kiongozi wa ngoma. "Kichwa ni cha kuvutia watu. Manju asiye na kioja nani atamfuata?" Kwa nusu ya kwanza ya filamu maelezo hayo yalitosha kabisa, na kwa kweli hayako mbali na chimbuko lake. Kichwa hicho kimetokana na mchekeshaji na mwanamuziki wa Uingereza, Chris Sievey, aliyekivaa jukwaani kwa jina la Frank Sidebottom. Alifariki 2010. Mmoja wa waandishi wa filamu, Jon Ronson, aliwahi kumpigia kinanda. Kwa Sievey kichwa kilikuwa kioja cha jukwaani. Filamu imechukua kichwa tu, ikamtungia mtu mwingine wa kukivaa.

Halafu asubuhi moja, albamu ikiwa imekamilika, mtu mwenye kichwa cha Frank anaonekana amening'inia kwenye mti.

Hapo banda lilisimama. Nasema lilisimama, watu waliinuka kwenye mabenchi. Si Frank, ni Don, amekivaa kichwa cha mwenzake akajinyonga. Mwili wake wenzake wanauchoma moto wenyewe. Akina mama wawili walichukua watoto wao wakatoka, na hapa ndipo ninapomlaumu mwenye banda moja kwa moja: watoto hawakupaswa kuwemo, na mlangoni ilitakiwa kusemwa kwamba ndani kuna mtu anajinyonga. Kuna mwenye msiba wa namna hiyo nyumbani. Huwezi kumuuzia tiketi ya komedi.

Nusu ya pili haikuwa na kelele tena. Bendi inaalikwa Texas, kwenye tamasha la South by Southwest, kwa sababu Jon amekuwa akiweka video zao mtandaoni kwa siri. Watu wanawapenda kwa vituko vyao, nyimbo zao hawazijui. Jon anataka wapendwe, anamsukuma Frank atunge kitu chepesi, Clara anamchoma Jon kisu mguuni, bendi inasambaratika, na jukwaani Frank anaanguka. Baadaye Jon anang'ang'ania kumvua kichwa kwa nguvu. Frank anakimbilia barabarani, gari linamgonga, kichwa kinavunjika.

Muda wote huo nyuma yangu vijana walikuwa wanabishana kuhusu Frank. Mmoja akisema apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwingine anajibu, "Akienda Mirembe akapona, muziki umekwisha. Hicho kichaa ndicho kinachompa." Wengi walikubaliana na huyu wa pili.

Hayo maneno ninayajua. Bendi yetu ni ya harusi na vipaimara, na tulikuwa na mpiga solo aliyeugua akili. Alipokuwa vibaya, waliotukodi walikuwa wanaulizia, "Na yule chizi wenu atakuwepo?" Waliamini akipandisha ndiyo anapiga vizuri. Sisi tuliokuwa naye mazoezini tunajua alivyokuwa akisahau nyimbo alizotunga mwenyewe, vidole vinatetemeka, anakaa kona na gitaa halina hata nyuzi zote. Siku zake za dawa ndizo alizopiga mambo ambayo mpaka leo hatujaweza kuyaiga.

Basi Jon anamfuata Frank mpaka Kansas, nyumbani kwa wazazi wake. Frank hana kichwa sasa. Ana uso wa kawaida wenye makovu, hawezi kumtazama mtu. Jon anadokeza kwamba huenda mateso ndiyo yaliyomfanya awe vile alivyo kwenye muziki, na mama yake Frank anamjibu kwa utulivu: mwanangu alikuwa na muziki tangu zamani, ugonjwa haukumpa chochote, kama ni kitu ulimchelewesha. Mtafsiri alilisema hilo polepole, akalirudia mara ya pili kwa hiari yake. Ubishi wa nyuma ulikatika. Kwa maneno hayo ya yule mama ninaisamehe filamu mzaha wake wa baharini. Inakufanya umcheke mgonjwa saa nzima na zaidi, halafu inamleta mama yake mbele yako.

Jambo moja liliniuma kwenye huduma. Mwishoni kabisa Frank anaingia kwenye baa ambako Clara na wenzake wanapigia viti vitupu, anaanza kuwaimbia kwamba anawapenda wote, na wao wanaingia na vyombo kimoja kimoja. Huo wimbo unajengwa kutoka kwenye sauti ya mtu anayejaribu tu kusimama. Mtafsiri aliongea juu yake. Alikuwa na nia njema, akawa anaeleza Frank anaomba msamaha, Clara anafurahi, Jon anaondoka zake. Tulikuwa tunaona. Wimbo ulipita chini ya maneno yake.

Tulipotoka, yule mzee wa manju alikuwa kimya, kisha akaniambia kwamba amebadili mawazo: manju ni Clara, kwa sababu ndiye aliyekuwa akijua mwenzake anahitaji nini. Sikubaliani naye kabisa, Clara ana roho mbaya kwenye nusu ya filamu, lakini ameniachia la kufikiria.

Mwenye banda anasema huenda akaionyesha tena. Kiingilio cha mia tano kinalipika bila mawazo, hata mara mbili. Nilimwomba afute neno komedi ubaoni, asiingize watoto, atangaze mlangoni kuhusu kifo cha Don, na wimbo wa mwisho uachwe bila maiki. Matatu ya mwanzo kakubali palepale. Hilo la nne amesema ataongea na mtafsiri.