Spidi boti ya mtumba: nimenunua mara mbili, ya kwanza ilinitia adabu

Mi niko Kizimkazi, napeleka wageni kuangalia pomboo, na hii niliyonayo sa hivi ni boti yangu ya pili ya mtumba. Ya kwanza niliiona Dar, ina mashine ya ndani, yani injini kama ya gari imekaa chini ya kifuniko afu mguu wa propela ndo unatokeza nyuma. Siti nyeupe, tezi, yani nyuma ya boti, kusafi hamna limashine linaning'inia, nikatoa hela palepale. Kumbe pale mguu unapotokea kuna mpira wa mikunjo ndo unazuia maji, na wa kwangu ulikuwa umeoza, asubuhi moja nafika pwani nakuta boti imekalia matako nangani, tulifua maji mpaka mikono ikafa ganzi na injini ishakunywa chumvi. Halafu mguu wenyewe huwezi kuunyanyua ukatoka wote majini kama mashine ya nje, ile ya kuning'inia nyuma, maji ya bamvua yakitupa boti inakaa mchangani mguu unagonga chini. Fundi wetu alifunua, akaangalia, akafunika. Kaka hii peleka mjini.

Nikauza kwa hasara nikatafuta yenye mashine ya nje, Yamaha Enduro 40 (nguvu za farasi 40), tustroku, ile ya kuchanganya oili. Jirani yangu ana fostroku na siwezi kumsema vibaya, haina kelele, petroli inakunywa kidogo, oili inakaa kwake ndani kama gari. Ila ni nzito na ikizingua mambo ya umeme hapa kijijini tunatazamana tu. Yangu nachanganya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli basi, ila ukisahau hiyo oili pistoni zinang'ang'ania na umekwisha.

Safari hii nilienda na fundi. Boti ya kwanza tuliyooneshwa alishika tu kichwa cha mashine, cha moto! Dalali alishaiwasha kabla hatujafika ili isigome mbele yetu. Akafungua skurubu ya chini kwenye gia, oili ikatoka kama chai ya maziwa, maana yake sili, vile vimpira vya kuzuia maji, zimekufa maji yanaingia, tukaaga. Hii niliyochukua ilikuwa baridi, ikawaka mvuto wa tatu, ikakojoa vizuri kule nyuma yale maji ya kupoza mashine, geji ya kompresheni, yani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, ikasoma psi 120 silinda ya juu na 115 ya chini, fundi akasema zikipishana sana ndo ukimbie.

Nimebadilisha impela (kile kipangaboi cha mpira cha kuvuta maji ya kupoza) na plagi tu mpaka leo, na kila jioni naisafisha kwa maji baridi ya bomba kutoa chumvi. Shida yake moshi bwana, tukisimama kusubiri pomboo na upepo unatoka nyuma wageni wote wanahamia omo kule mbele, nabaki peke yangu tezi na mkono wa mashine.