YubiKey kwa kazi za kompyuta ya mbali: uzoefu wangu nikiwa Lamu

Natunza hesabu za nyumba za wageni za Shela, na kompyuta yenye hesabu hizo iko Mombasa. Naifikia kwa Remote Desktop, programu ya kutumia kompyuta iliyo mbali kupitia mtandao, baada ya kupita ukurasa wa kuingilia wa ofisi. Atakayenasa nenosiri langu atapata pia nakala za pasipoti za wageni na malipo ya watu walioniamini. Ndiyo sababu nilihamia YubiKey 5 NFC, ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta unaothibitisha kuwa anayeingia ni mimi, na naisifu bila kusita.

Awali, pamoja na nenosiri, tulitumia namba za kuthibitisha zinazotumwa kwa SMS. Fundi wetu wa Mombasa akatengeneza ukurasa wa majaribio unaofanana na wetu, anwani ikitofautiana herufi moja tu. Niliandika nenosiri na namba ya SMS. Akavipokea vyote na kuingia kwa jina langu kabla namba haijaisha muda. Tuliporudia kwa ufunguo, hakuambulia kitu. Sura ya ukurasa haiudanganyi: saini ya kidijitali unayoitoa kukuthibitisha imefungwa kwenye anwani uliyosajiliwa nayo, basi anwani ikibadilika hata herufi, saini haitoki. Jicho lililochoka saa nne za usiku halina uwezo huo. Mwaka 2018 Google ilieleza kuwa hakuna akaunti ya kazi iliyothibitika kunaswa kwa njia hii miongoni mwa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000, tangu funguo za namna hii zilipokuwa lazima mapema 2017.

Matumizi ni mepesi: unachomeka, unaandika PIN, unagusa duara la dhahabu. Hauna betri wala haungoji mtandao wa simu, na maji hayauingii, jambo kubwa kwa sisi wa kupanda boti kila siku.

Lakini kuna mlango ambao ufunguo huu hauulindi. Oktoba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba kundi iliitalo Midnight Blizzard, inalolihusisha na Urusi, lilikuwa likituma barua pepe zenye faili za .rdp, yaani faili za kuanzisha muunganisho wa Remote Desktop. Ukilifungua faili hilo, kompyuta yako yenyewe inaunganishwa na seva ya mwizi, na diski zako zinaweza kuwa wazi kwake. Hapo hakuna ukurasa wa kughushi ambao ufunguo ungeukataa. Sisi tumezuia viambatisho vya .rdp visifike kabisa kwenye barua pepe za ofisi, na nawasihi wenzangu mfanye hivyo.

Nunua funguo mbili, uzisajili zote siku moja. Ukikosea PIN mara nane mfululizo ufunguo hujifunga, na kuufungua tena ni kufuta kila ulichosajili.