Kijiwe cha kahawa Majengo, Dodoma: kahawa bado kali ila siku hizi unalipa kwanza

Tuanze na kahawa maana ndo iliyonipeleka. Ni tungu ile ya birika juu ya mkaa, tangawizi imo ila haijazidi, kikombe mia mbili, na kashata ya karanga ni freshi haing'ang'anii kwenye meno. Karanga si ndo kwetu huku, mtu akikuuzia kashata iliyochacha ndani ya Dodoma ujue kakudharau tu. Nyota nne. Ya tano nimekata kwa ajili ya vumbi na lile benchi la kushoto, ukikaa mwisho mwenzako akinyanyuka umeenda chini, limenikuta mbele za watu.

Jina la kijiwe silisemi. Utakuta bodaboda, madalali wa viwanja, watumishi waliohamia na serikali, wazee wa Kigogo wawili watatu, na tivii ndogo inayowashwa saa mbili usiku kwa ajili ya habari.

Sasa zamani huduma ilikua hivi, unakunywa, ukiondoka unataja mwenyewe "vinne na kashata mbili", unatoa hela unasepa. Mzee wa kahawa hahesabu wala haandiki popote, miaka yote. Mpaka jamaa mmoja akanywa vikombe saba, nilikua pembeni yake navihesabu kwa macho, afu akasema viwili. Mzee akamwangalia tu. Jamaa kakomaa, kama una ushahidi toa. Ushahidi hakuna. Kesho yake karudi kakaa palepale, na kilichonichosha mimi ni kwamba wapo waliomcheka mzee badala ya kumcheka yeye.

Jioni hiyo tivii inaonyesha mambo ya Marekani, mwalimu mmoja mstaafu akasema "hawa nao walipatwa na mtu wa vikombe viwili". Ubishi ulioanza pale umeisha saa nne usiku.

Mwalimu akatukumbusha mwaka 2000. Wagombea urais Al Gore na Bush, Gore nchi nzima alimzidi mwenzake kura zaidi ya laki tano, ila kwao rais anachaguliwa na wajumbe wa kila jimbo, na karibu kila jimbo anayeshinda anawabeba wote, kwa hiyo kila kitu kikaishia jimbo la Florida, huko kapitwa kura 537, na Mahakama ya Juu ikazuia kuhesabu upya, majaji watano kwa wanne. Kesho yake Gore kasimama akasema hakubaliani na mahakama lakini matokeo anayakubali. Afu 6 Januari 2001, kwa kua alikua bado makamu wa rais, ni yeye aliyekalia kiti kuongoza kikao cha kuhesabu kura za wajumbe na kutangaza kwa mdomo wake kwamba mwenzake kashinda! Mwalimu anasema hebu nitafutieni kwenye katiba yao kifungu kinachomlazimisha aliyeshindwa ampongeze mwenzake. Hakipo. Ilikua aibu tu inafanya kazi.

Afu mwalimu akaja kwa mtu wa vikombe viwili mwenyewe. 2020 Trump kashindwa, kesi zaidi ya 60 zikafunguliwa karibu zote zikatupwa, akampigia simu msimamizi wa uchaguzi wa jimbo la Georgia amtafutie kura 11,780, yaani moja zaidi ya zile alizopitwa. Tarehe 6 Januari 2021 watu wakavamia jengo la Bunge lao. Seneti, moja ya mabunge yao mawili, ikamjadili kwa hilo, 57 wakasema ana hatia na 43 wakakataa, ilitakiwa 67 ndo atiwe hatiani. Mahakama ya Juu nayo mwaka 2024 ikasema rais ana kinga ya kutoshtakiwa kwa mambo ya kazi yake. Afu akagombea tena akashinda, na safari hii kashinda kweli, hata kura za nchi nzima kaongoza, na siku ya kwanza tu ofisini akasamehe wavamizi kama 1,500. Hapo bodaboda mmoja akauliza, kwa hiyo wale waliomcheka mzee ndo wapiga kura? Kijiwe kizima kikalipuka.

Dalali wa viwanja hakukubali, anasema nyie mnalia kwa sababu tu mtu wenu kapigwa, mbona na wale wengine wanafanya hayohayo? Na ana hoja aisee. 2025 Texas wamechora upya mipaka ya majimbo ya ubunge ili Republican, chama cha Trump, wajiongezee viti vitano, California ya Democrats, wapinzani wao, haikulalamika sana, Novemba wakapiga kura wachore na ya kwao. Yaani ukiona mwenzio kataja viwili na wewe unataja viwili. Mi hiki ndo kinanitisha kuliko Trump mwenyewe.

Kuna dada pale alikua kwenye mradi wa UKIMWI wa hela za Wamarekani. Januari 2025 misaada ikasimamishwa kwa saini ya mtu mmoja, hela ambayo Kongresi, yaani Bunge lao, ilishapitisha, na kazi yake ikaishia hapo. Tukisema Marekani ni mbali anatuangalia tu.

Dogo mmoja akataka kuileta mada nyumbani, mzee wa kahawa akaongeza sauti ya tivii. Tukaelewa.

Huduma kwa sasa basi. Unalipa kwanza, unapewa vifuniko vya soda kwa idadi ya vikombe, ukitaka kahawa unarudisha kifuniko. Jioni ni foleni, kahawa inakufikia imeshapoa, na nenda na hela ndogo maana chenji ya elfu kumi hana. Huduma nyota mbili, na mzee mwenyewe unamuona kabisa hafurahii, anavihesabu vile vifuniko kama vinamuunguza. Yule dada tu ndo hapewi vifuniko, anaambiwa we kunywa.

Jamaa wa vikombe viwili bado anakuja. Juzi alikua nyuma yangu kwenye foleni analalamika kwamba huduma ya hapa siku hizi imeshuka.