Kuwekewa muvi kwenye flashi Mwanga, Kigoma: agiza kwa mwaka na dakika (nyota 3 kati ya 5)

Nazungumzia kibanda kimojawapo cha kuweka muvi kwenye flashi pale Mwanga. Nalipa shilingi 500 kwa filamu, na flashi ya GB 16 hujaa kabla chai haijapoa. Kasi yao sina ugomvi nayo. Nyota mbili zimekwenda kwa sababu kijana wa kaunta hutafuta kwa jina tu, na jina moja linaweza kuwa la filamu tatu tofauti.

Mfano ni The Magnificent Seven. Ukilitaja bila mwaka utapewa ya 2016 yenye Denzel Washington. Inatazamika, lakini ya 1960 ya Yul Brynner inaipita mbali, na zote mbili chimbuko lake ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya 1954. Hiyo ya Kijapani ina dakika 207. Ukikuta 160 na kitu, umepewa iliyofyekwa.

Kwa wapenzi wa Kihindi, Sholay (1975) imechota kisima hicho hicho, na hapo ndipo watu wengi hupunjwa bila kujua. Wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwisho wa kwanza, ukapigwa mwingine. Polisi wakitokea dakika za mwisho kumwokoa jambazi Gabbar mikononi mwa Thakur anayelipiza kisasi, hiyo ndiyo ya wakaguzi. Yenye mwisho wa awali ina dakika 204. (Samahani kwa ambaye hajaiona, ila ana miaka hamsini ya kujitetea.)

Balaa kubwa ni Once Upon a Time in America ya Sergio Leone, 1984. Ipo ya dakika 229 na ipo ya 139. Hiyo fupi haikupunguzwa tu: matukio yalipangwa upya kuanzia utotoni hadi uzeeni, wakati uzuri wote wa filamu uko kwenye kurudi nyuma na kwenda mbele. Ya 139 usiipokee hata bure.

12 Angry Men ombeni ya 1957, dakika 96, nyeusi na nyeupe, watu kumi na wawili wakibishana karibu muda wote ndani ya chumba kimoja. Ya 1997 ni ya rangi na si hiyo. Oldboy ni ya 2003, ya Kikorea. Ya 2013 ni ya Kimarekani, iacheni. Kwa kung fu, The 36th Chamber of Shaolin (1978) inatosha: nusu nzima ni mazoezi, na hachoki mtu.

Mbili zinatuhusu sisi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Jane (2017), kuhusu mtafiti wa sokwe Jane Goodall, imeundwa kwa picha ambazo Hugo van Lawick alizipiga Gombe miaka ya sitini, zikakaa miongo kadhaa bila kutumika. Rangi zake ni za kushangaza, kwa hiyo msikubali nakala ya MB 300. Nyingine ni The African Queen (1951), hadithi ya vita vya 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Meli ya Kijerumani iliyomo mara nyingi huhusishwa na Liemba, meli yetu ya ziwani, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924. Msitafute Kigoma humo lakini: upigaji picha wa Afrika ulifanyika Kongo na Uganda.

Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ni bora kuliko nyingi nilizotaja. Ila za nyumbani mimi naona tulipie kwa wenyewe, si kibandani.

Sasa faili. Kabla hujatoka, chomeka flashi kwenye simu au kompyuta yao, fungua maelezo ya faili, soma dakika. Kisha ruka hadi katikati na mwishoni, maana faili lililokatika huanza vizuri tu. Flashi nyingi zimeformatiwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi ambao haupokei faili la kufika GB 4. Filamu ndefu yenye faili kubwa hivyo itagoma. Omba nakala ya 720p (ubora wa picha wa kati) yenye GB 1.5 hadi 2. Ukiformati exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa zaidi, TV nyingi za zamani hazitaisoma kabisa.

Sauti ikitoka na picha ikawa nyeusi, mara nyingi faili ni x265, namna mpya ya kubana video, na TV yako haiijui: omba x264, ya zamani zaidi. Picha ikiwepo bila sauti, mara nyingi sauti ni ya aina ya DTS ambayo TV haiijui: omba ya AAC.

Maandishi ya tafsiri huwa faili la pembeni, srt. Jina lake lilingane na la filamu herufi kwa herufi, na vikae folda moja. Yakichelewa kwa sekunde zile zile mwanzo hadi mwisho, VLC, programu ya kuchezea video, inarekebisha kwa vitufe vya G na H vya kompyuta. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, yametengenezwa kwa nakala yenye kasi nyingine ya picha; usihangaike nayo, rudi ubadilishiwe. Kibanda changu hubadilisha bure siku hiyo hiyo. Kesho yake unalipa upya.